Mfalme Alikwenda, Ushairi Ukabaki: Urithi wa Nyanza Katika Bonde la Oruchinga

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo hutujia kila tushikapo njia itokayo Mbarara kuelekea kusini, hadi bonde la Oruchinga katika Wilaya ya Isingiro. Mpita njia asiyejua habari ataona migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu na makazi ya wakimbizi, kisha atakwenda zake. Hatatambua kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1960 bonde hili, pamoja na Nakivale jirani yake, limehifadhi mali ambayo haikupata kuandikwa katika daftari lolote la misaada. Mali hiyo ni ushairi na ngoma za ikulu ya wafalme wa Rwanda.

Dunia imewajua wafalme wa kila namna. Huko Bara Hindi, Bhoja wa Malwa, aliyetawala kutoka mji wa Dhar katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, hatajwi kwa vita vyake kama anavyotajwa kwa elimu yake. Vitabu juu ya ushairi, sarufi na ujenzi vinahesabiwa kuwa vyake, na hadithi za watu wake husimulia jinsi alivyowatunza washairi. Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba mambo hayo ni ya mbali tu. Hapa kwetu pia walikuwapo wafalme waliojua kwamba dola isiyo na watunzi ni dola isiyo na kumbukumbu.

Katika ikulu ya Rwanda washairi waliitwa abasizi, na tungo zao ibisigo. Masimulizi yanamtaja Nyirarumaga, mama mlezi wa Mfalme Ruganzu Ndoli, kuwa ndiye aliyeupa ushairi huo utaratibu wake. Familia za washairi zilisamehewa baadhi ya kazi za machifu, ili zipate nafasi ya kutunga na kuhifadhi. Kalamu haikuwapo; kichwa cha mtu ndicho kilichokuwa maktaba. Shairi lilipokelewa na mwana kutoka kwa baba neno kwa neno, wala haikuwa ruhusa kulibadili kwa kupenda.

Sisi tuliopitia shule ya kadeti tunavutiwa zaidi na taasisi nyingine, yaani itorero. Vijana walipelekwa ikulu au kwa machifu, wakafundishwa kutumia mkuki na ngao, kucheza, kusema kwa ufasaha na kuzuia hasira. Wachezaji hao ndio intore, maana yake wateule. Kila kikosi cha jeshi kilikuwa na jina lake na sifa zake, na kila askari alipaswa kujua kujitungia majigambo, yaani icyivugo. Wazee hao walifahamu jambo ambalo majeshi ya kisasa hulisahau mara kwa mara, kwamba mkono wenye silaha hauna budi kuongozwa na moyo uliofunzwa na ulimi wenye adabu.

Lakini tusiwe wasifu wa upande mmoja. Maziwa yaliyonywewa na washairi yalitoka katika jasho la watu. Wakulima walifanya kazi za lazima, na wengi waliishi chini ya ubuhake, yaani utumishi wa mtu kwa bwana aliyempa ng'ombe. Ushairi wa ikulu ulimsifu mfalme. Kilio cha mkulima haukukitia maanani. Atakayeukumbuka utukufu wa Nyanza na kuisahau dhuluma hiyo atakuwa amehifadhi nusu ya historia.

Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, aliyetawazwa mwaka 1931, alisimama kati ya nyakati mbili. Mwaka 1954 alitangaza kufutwa kwa ubuhake. Katika miaka hiyo ya 1950 aliunga mkono elimu kwa mfuko uliobeba jina lake. Aidha, alimfungulia mlango Padre Alexis Kagame, mwanachuoni mzalendo, ayaandike mambo ya ikulu ambayo hapo kwanza yalikuwa siri ya wachache. Mwaka 1951 Padre Kagame alichapisha uchunguzi wake juu ya ushairi wa kifalme, akiwa amekwisha kukusanya tungo zaidi ya 150. Hakuna msaada wa mfalme huyo kwa elimu uliozaa matunda ya kudumu kuliko huo, kwa maana wakati uliobaki ulikuwa mfupi.

Mutara alifariki ghafla tarehe 25 Julai 1959 mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Mnamo Novemba mwaka huo huo machafuko yalizuka Rwanda, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na maelfu wakavuka mpaka. Mrithi wake, Kigeli wa Tano Ndahindurwa, alitoka nchini mwaka 1960, na mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Aliishi Tanganyika, Uganda na Kenya kabla ya kupewa hifadhi Marekani mwaka 1992, na huko alifariki mwaka 2016.

Waliofika Oruchinga na Nakivale walikuta majirani wasio wageni kwao kabisa. Wahima wa Ankole nao walikuwa na majigambo yao, ebyevugo, na tungo za kusifu ng'ombe. Msikilizaji ataona jinsi icyivugo cha Mnyarwanda na ekyevugo cha Mnyankole yalivyo maneno ndugu, kama vile lugha zenyewe zilivyo ndugu. Mwaka 1964 mtaalamu H. F. Morris alichapisha kitabu juu ya majigambo hayo ya Wahima, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, ufalme wa Ankole nao ukafutwa. Ikawa watu wawili majirani, wote hawana mfalme, wote wangali na mashairi.

Nani basi aliyewalea watunzi pasipo ikulu? Tulipata jibu tulipokaribishwa katika harusi moja huko Oruchinga. Mzee alisimama kwa fimbo yake, akaanza kuwasifu ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, kwa pembe na kwa mwendo, bila kusita. Ng'ombe wenyewe hawakuwapo, kwa kuwa mahari ilitolewa kwa fedha taslimu. Hata hivyo hakuna aliyecheka. Wazee waliitikia, vijana wakanyamaza, na watoto wakasogea mbele. Hapo tulifahamu kwamba kiti cha mfalme kilikuwa kimekaliwa na umma.

Umma huo ulilea sanaa hiyo katika shida. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi walifukuzwa kutoka vijiji vya Ankole, wakasongamana upya katika makazi haya. Tangu mwaka 1994 wengi wamerejea kwao, na ngoma walizofundishwa uhamishoni wakarudi nazo. Mwezi Desemba 2024 shirika la UNESCO liliiingiza intore katika orodha ya urithi wa binadamu. Tunapongeza heshima hiyo, lakini hatuwezi kusahau kwamba sehemu ya urithi huo ilivuka miaka ya dhiki chini ya mahema na mabati.

Leo Nakivale inahifadhi watu zaidi ya laki moja, wakiwamo Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni. Miongoni mwao wamo mafundi wa ngoma na hodari wa kutunga ambao hakuna aliyewauliza wanajua nini. Mzee mmoja akifa, maktaba nzima huzikwa naye.

Tunatoa wito kwa walimu wa Mbarara na Isingiro, na kwa vijana wenye simu zinazorekodi sauti. Nendeni mkawasikilize wazee hawa, muandike majina ya tungo zao na maana zake, kwa idhini yao na kwa heshima. Kazi iliyoanzishwa na Mutara na Padre Kagame haihitaji taji ili iendelee. Inahitaji masikio, daftari na subira, na hivyo vyote tunavyo.