Sheria juu ya feza chafu: wabunge waichunguze namna gani?

Leo tuzungumze juu ya sheria inayokataza kusafisha feza chafu, zaidi juu ya kazi ya wabunge mbele ya kuipigia kura. Najua mama mmoja atasema: "Hayo ni maneno ya benki na ya Kinshasa. Yanatuhusu nini sisi tunaolala chini ya hema?" Mama, yanakuhusu sana.

Tuseme mtu mwenye bunduki ameweka kizuizi kwenye njia ya machimbo. Anatoza wachimbaji, anachukua zahabu yao. Hawezi kuingia benki na kusema, "Feza hii nimeipata kwa kizuizi." Basi zahabu inauzwa kwa mnunuzi asiyeuliza kitu, inavushwa mpaka bila karatasi, na ng'ambo inapata karatasi mpya kana kwamba imechimbwa kule. Feza inayorudi inajenga nyumba ya ghorofa. Ukiuliza ilitoka wapi, utaambiwa, "Mwenyewe ni mfanyabiashara." Hapo feza imekwisha kusafishwa. Sehemu nyingine inarudi ikiwa risasi, na risasi ile ndiyo iliyowatoa watu katika mashamba yao. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika tangu mwaka 2001 namna mali ya nchi yetu inavyolisha vita, na ripoti zilizofuata zilionyesha zahabu ya Ituri na ya Kivu Kusini ikipita nchi jirani hadi Dubai.

Nchi yetu ilipata sheria juu ya jambo hili tarehe 19 Julai 2004, ndiyo sheria namba 04/016. Ilikuwa wakati wa Bunge la mpito. Wabunge wale hawakuchaguliwa na raia, waliwekwa na makundi yaliyotia sahihi mapatano, na mengine kati yao yalikuwa yametoka kupigana. Sheria ile ilikataza kulipana feza taslimu kuanzia dola 10.000, tena iliagiza benki na nyumba za kutuma feza zitoe taarifa zikiona jambo la mashaka. Taarifa hizo zipelekwe wapi? Kwa ofisi ambayo leo tunaiita CENAREF. Lakini dekrii ya kuipanga ofisi hiyo ilitoka tarehe 24 Septemba 2008. Zaidi ya miaka minne sheria ilikuwa na mdomo, haikuwa na masikio! Kwangu mimi, swali ambalo mbunge asilisahau ni hili: ni nani atakayefanya kazi hii, kwa feza gani, na kuanzia siku gani?

Mwezi wa Oktoba 2022, shirika la kimataifa linaloitwa GAFI liliiweka Kongo katika orodha ya nchi zinazochungwa kwa karibu juu ya ulegevu katika mambo haya. Tarehe 27 Desemba mwaka uleule ikatoka sheria mpya, namba 22/068, iliyochukua nafasi ya ile ya 2004. Nchi ikitazamwa hivyo, kuna kishawishi cha kupitisha maandishi mbio mbio ili wageni waridhike. Lakini atakayeishi na sheria ni raia.

Mradi wa sheria unapita njia gani? Serikali au mbunge anauleta. Mkutano wote unausikiliza, kisha unautuma kwa komisyo. Pale ndipo kazi yenyewe inafanyika, kifungu kwa kifungu, mbali na kelele. Kisha kura, kisha Seneti. Vyumba viwili visipopatana, komisyo ya pamoja inatafuta maandishi mamoja, na ikishindikana Bunge la taifa linakata neno. Kabla Rais hajatia sahihi, hata sehemu moja ya kumi ya wabunge au ya maseneta inaweza kuipeleka sheria mbele ya Korti ya Katiba.

Katika komisyo, mbunge aweke mbele ya macho yake mtu aliyekimbia. Siku hizi feza inapita kwa simu, jambo ambalo sheria ya 2004 haikulijua. Mama amekimbia usiku, kadi ya uchaguzi imeungua pamoja na nyumba. Mtoto wake anamtumia dola 20. Sheria ikidai kitambulisho bila kufikiri, huyu atakosa chakula, lakini mwenye tani za madini ataleta karatasi safi zenye mihuri yote. Ndiyo maana inafaa kupima hatari: feza ndogo, masharti mepesi, feza kubwa, maswali mengi. Vilevile likelemba za wamama na vyama vya akiba visichukuliwe kama kazi ya wahalifu. Na feza ya mtu ikizuiwa, iwe kwa siku ngapi? Jaji ataona lini? Kama ni kosa, nani atarudisha?

Muda nao ni kitu. Uswisi ilizuia karibu franka za Kiswisi milioni 7,7 za Mobutu tangu 1997. Mwaka 2009 ikazirudisha kwa warithi wake, kwa sababu muda wa kushitaki ulikuwa umepita. Nchi ile ikatengeneza sheria mpya mwaka 2010.

Na ninyi machefu? Katiba ya 2006, kifungu 118, inasema vikao vya Bunge ni vya wazi, isipokuwa kwa sababu ya pekee. Kifungu 142 kinaidai serikali itangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika siku 60. Ulizeni maandishi hayo. Vikao vya kawaida vinafungwa tarehe 15 Juni na 15 Desemba. Hapo mbunge anakuwa na nafasi ya kurudi kwa watu wake. Tena kifungu 27 kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka yajibu katika miezi mitatu. Andikeni tarehe juu ya barua, wote watie sahihi, asiyejua kuandika aweke kidole, na mbaki na kopi yenye muhuri wa aliyeipokea. Miezi ile mitatu inahesabiwa toka siku hiyo.