Nani Atamrithi Dikteta? Jibu la Philip K. Dick

Wapo wanaodai kwamba riwaya za "ingekuwaje" ni porojo tu. Hebu tuitazame The Man in the High Castle (1962) ya Philip K. Dick. Humo Ujerumani ilishinda vita. Hitler hajiwezi kwa ugonjwa, Kansela Bormann anakufa, na wakubwa wanagombea kiti. Anakipata Goebbels, mwenye kuunga mkono mpango wa kuiangamiza Japani kwa mabomu ya nyuklia. Na anayeupinga ni nani? Heydrich, muuaji aliyekubuhu, ambaye kihistoria aliuawa mwaka 1942! Basi wanaotaka kuzuia maangamizi inawabidi wamtegemee huyohuyo. Dhamira ndiyo hiyo: udikteta hauachi mrithi mwema wa kuchaguliwa. Kumbadili mkaliaji, kiti kikabaki kilekile, si ukombozi.