Kabla ya kupanda mche, tuulize udongo wa Munje

Masika ikianza tu, huku kwetu Msambweni miche huja kwa malori. Wanafunzi hutolewa madarasani, wageni hupigwa picha wakishika jembe, na jioni hutangazwa idadi ya miti iliyopandwa. Rudi Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, mara nyingi utakuta vijiti vikavu. Lawama huangukia wanakijiji: hawakumwagilia, waliachia mbuzi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika kabla jembe halijagusa chini. Hakuna aliyeuliza kama ardhi ile inaweza kuubeba mti ule.

Swali hili sasa lina uzito kuliko zamani. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, lengo likiwa miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha tuko asilimia 12.13, na msitu wenyewe ni asilimia 8.83 tu. Kwa hiyo kila ofisi inatafuta mahali pa kupanda, na kipande chochote kilicho wazi kinaonekana ni "ardhi tupu". Mtu wa Munje anayekubali shamba lake lipandwe miti anaweka rehani mahali pa mihogo na mikorosho yake. Ana haki ya kujua kama miti hiyo itaota.

Upimaji wa namna hii una kanuni zake. Mwaka 1976 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo wa kutathmini ardhi, na mwaka 1984 likatoa mwingine wa misitu. Ardhi hupangwa kwa madaraja: inayofaa sana, inayofaa kiasi, inayofaa kwa shida, na isiyofaa.

Mambo mawili katika mwongozo huo yanatuhusu. La kwanza, hakuna ardhi "nzuri kwa miti" hivi hivi. Ni nzuri kwa mti fulani na kwa kazi fulani: kuni, boriti, kivuli, au kuzuia mawimbi. La pili, kasoro kubwa ndiyo inayoamua. Mvua ikiwa nzuri na udongo mzuri, lakini maji ya chini ni ya chumvi, basi chumvi ndiyo hakimu. Ni kama mtumbwi: ubao mmoja ukioza, uzima wa zile nyingine haukufikishi Funzi.

Sasa tutembee kutoka baharini kwenda bara, tuone ardhi inavyobadilika katika mwendo mfupi.

Kwanza ni pale maji yanapojaa na kutoka. Hapo mikoko ndiyo yenyewe, lakini kila aina ina mahali pake. Mlilana huvumilia mbele kabisa, bahari ikiupiga. Mkoko hukaa nyuma yake penye tope. Mkandaa hupenda juu zaidi, ambako maji hayafiki kila siku, na mchu hustahimili chumvi hata pale jua linapoikausha ardhi. Kipimo ni urefu wa ardhi na saa ambazo mche hukaa ndani ya maji. Ukipanda mkoko kwenye nyasi za bahari kwa sababu tu pako wazi, utapoteza miche na pia utaharibu malezi ya samaki. Jirani zetu wa Gazi walijifunza kwa miaka mingi ya majaribio na watafiti wa KMFRI, na tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko. Faida hiyo ilikuja baada ya kujua nini kinaota wapi.

Panda juu kidogo, unafika maweni: mwamba wa matumbawe ya kale, udongo wa kiganja kimoja juu yake. Wengi husema hapa hapaoti kitu. Nenda Kaya Kinondo, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Mijikenda. Msitu ule umesimama juu ya mwamba huo huo. Mizizi imepenya kwenye nyufa, na majani yaliyooza kwa karne nyingi ndiyo udongo wake. Basi maweni yanabeba msitu, ila ni msitu wa miti ya asili, unaokua polepole. Anayekuahidi boriti zilizonyooka hapo kwa miaka michache, muulize mizizi itashuka wapi.

Bamburi walipata somo hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Zilizosalimika ni tatu tu, na mvinje ndio ulioongoza. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake huupatia mbolea kutoka hewani. Baadaye majongoo walisaidia kuyageuza majani yake kuwa udongo, na miti mingine ikafuata.

Ukizidi kwenda bara unakanyaga mchanga. Hapa mizizi hushuka kwa urahisi, lakini maji nayo hushuka upesi. Mkorosho, mnazi na mvinje huvumilia. Mti unaotaka unyevu mwaka mzima utateseka kaskazi ikifika.

Wizara ya Mazingira ina programu ya simu iitwayo JazaMiti, inayoshauri miti inayofaa eneo lako. Itumie, lakini haiwezi kuona mwamba ulio chini ya mguu wako. Kwa hilo chimba shimo la kufika kiunoni uone kama unagonga jiwe. Limwagie maji, uangalie yanakauka upesi au yanatuama. Onja maji ya kisima cha karibu wakati wa kiangazi. Tazama kinachoota chenyewe bila kupandwa. Kisha uliza ardhi ni ya nani na mifugo hupita wapi, maana udongo mzuri wenye mgogoro nao ni ardhi isiyofaa.

Tukubali pia kwamba pengine jibu ni hapana. Ufuo ambao kasa hutaga mayai haukosi kitu kwa kukosa miti.

Kwa hiyo malori yakija masika ijayo, wazee, vijana na walimu tuulize maswali matatu kabla ya kushusha miche: mti huu ni wa nini, nani amechimba shimo la kupima, na nani atarudi kuhesabu? Na hesabu yenyewe isifanywe jioni ya kupanda. Ifanywe baada ya masika ya tatu.