Euro zinunuliwe Arusha kabla ya kupanda ndege

Mfanyabiashara wa Sombetini anayekwenda Uholanzi kununua vipuri, vifaa vya umeme au nguo mara nyingi hubadilisha fedha zake mara mbili. Arusha ananunua dola, kwa kuwa ndiyo fedha ya kigeni aliyoizoea. Akishuka Schiphol, Amsterdam, dola hizo dukani hazipokelewi, hivyo anazibadilisha tena kuwa euro. Kila dirisha linakata chake, na dirisha la uwanja wa ndege ndilo linalokata zaidi.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo si bei ya wiki hii. Mtu ana Sh 5,400,000. Dola ikiuzwa Sh 2,700 atapata dola 2,000. Dirisha la uwanja wa ndege likimtoza dola 1.20 kwa kila euro, atabaki na euro 1,667. Lakini kama angenunua euro moja kwa moja Arusha kwa Sh 3,000, angeondoka na euro 1,800. Tofauti ni euro 133, yaani kama Sh 400,000 za mtaji, na hajanunua hata soksi.

Arusha ina bahati ambayo miji mingi ya Tanzania haina. Watalii wa Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti huleta euro mjini, hivyo fedha hiyo si adimu kwa anayeanza kuitafuta siku chache kabla ya safari. Inunuliwe benki au kwenye duka lenye leseni, na risiti itunzwe. Wakazi wa Arusha wanakumbuka Novemba 2018, Benki Kuu ilipoendesha msako katika maduka ya kubadilisha fedha ya mji huo na mengi yakafungwa. Kanuni za 2023 zililegeza masharti ya kufungua maduka hayo, lakini anayenunua fedha kichochoroni bado hana pa kulalamika akipewa noti bandia.

Noti ziombwe za 20 na 50. Noti ya euro 500 iliacha kutolewa mwaka 2019, na ingawa bado ni fedha halali, wenye maduka wengi huikwepa. Hata zile za 200 na 100 hukataliwa mara kwa mara. Aliyebeba euro 10,000 au zaidi lazima aitangaze forodhani anapoingia au kutoka Umoja wa Ulaya. Asipofanya hivyo fedha inaweza kuzuiwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Uholanzi mtu anaweza kuwa na fedha mkononi na bado asiuziwe. Tangazo la "alleen pinnen" mlangoni maana yake ni kadi tu. Kwa hiyo kadi ya benki yenye nembo ya kimataifa ni ya lazima, na benki ijulishwe mapema isije ikaifunga kwa kudhani imeibwa. Mashine ikiuliza kama mteja alipe kwa euro au kwa shilingi, jibu ni euro. Akichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa hasara yake. Kwa kutoa fedha, mashine za njano za Geldmaat, ambazo ni za pamoja za benki za ABN AMRO, ING na Rabobank, ni salama kuliko zile za watu binafsi zilizotegwa kwenye mitaa ya watalii.

Aliyezoea kupatana bei Kilombero atakuta maduka ya kule bei ni moja. Mapatano yako kwenye masoko ya mitumba kama Waterlooplein, Amsterdam. (Wazee wa biashara waliobaki na noti za gulden za miaka ya 1990 hawajachelewa: nyingi kati ya hizo Benki Kuu ya Uholanzi inazipokea hadi 1 Januari 2032. Sarafu zake ndizo zilizokwisha muda.)

Penye fedha nyingi zaidi ni kwenye kodi. Bei ya dukani imekwisha kuongezwa VAT, kwa bidhaa nyingi asilimia 21. Kifaa cha euro 242 kina kodi ya euro 42 ndani yake. Msafiri anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa, mradi manunuzi ya duka hilo yafike euro 50, aombe fomu palepale dukani akiwa na pasipoti, na forodha ithibitishe fomu hiyo kwenye kituo cha mwisho cha kutoka Ulaya. Mzigo uonyeshwe kabla ya kukabidhiwa shirika la ndege. Mawakala wa kurudisha kodi hukata ada yao, hivyo hazitarudi zote 42.

Utaratibu huo, hata hivyo, ni wa vitu vya matumizi binafsi vilivyo katika mizigo ya msafiri. Anayenunua katoni kumi za kuuza amwombe muuzaji ankara ya mauzo ya nje isiyo na VAT, na mzigo utoke kwa hati ya forodha. Ankara hiyohiyo ndiyo itakayotakiwa KIA, ambako bidhaa za biashara hutozwa ushuru wa forodha kwa thamani ya mzigo, kisha VAT ya Tanzania ya asilimia 18 juu yake. Asiye na ankara hukadiriwa na ofisa, na makadirio hayo mara chache huwa chini ya bei aliyolipa.