Freni ya chukudu: hesabu kabla ya mteremko

Ndugu wanakoperative, chukudu ikitoka Kibumba na viazi kuelekea Goma, kushuka si kazi kubwa. Shida iko kwa kusimama. Freni yenyewe ni kipande cha mpira wa gurudumu la zamani, kimewekwa juu ya gurudumu la nyuma, dereva anakikanyaga na mguu. Nguvu yote ya kuzuia mzigo inapita hapo.

Watoto wetu wanasoma hesabu yake shuleni: nguvu ni masi mara mchapuko. Masi tunaipima kwa kilo. Mchapuko ni mwendo unaoongezeka ao kupungua kila sekunde. Jibu linaitwa nyutoni. Kuinua kilo 1 kunaomba karibu nyutoni 10.

Tuchukue magunia mawili ya viazi, kila moja kilo 100, dereva kilo 60, chukudu kilo 40. Jumla kilo 300. Mwendo ni mita 5 kwa sekunde, kama mtu anayekimbia. Dereva akiona mbuzi mbali, anasimama pole pole kwa sekunde 5: 300 × 1, nyutoni 300. Ni kama kuinua kilo 30. Lakini mbuzi akitokea karibu (na mbuzi hapigi honi!), anabaki na sekunde 1 tu: 300 × 5, nyutoni 1,500. Kilo 150 juu ya mguu mmoja na kipande cha mpira? Haiwezekani.

Na hiyo ni kwa njia ya tambarare. Mlima ukishuka mita 1 kila mita 10, mzigo unajisukuma wenyewe na nyutoni 300 zingine. Basi hata ile kusimama pole pole inaomba 600. Ongeza magunia mawili, masi inakuwa kilo 500, freni inaombwa nyutoni 1,000.

Tuseme ukweli: mara mingi ni sisi tunaojaza chukudu. Tunalipa kwa gunia, dereva naye ana watoto, anakubali minne. Mimi naona afadhali tumulipe kwa safari, magunia mawili basi, ingine ifike kesho.

Mpira ukiisha ubadilishwe mbele ya kupakia. Na kwenye mteremko mukali dereva ashuke mwendo wa kutembea, mita 1.5 kwa sekunde. Hapo kusimama kwa sekunde 1 kunaomba nyutoni 450, na 300 za mlima: 750.