Umbali na Muda Angani (3): St. Helena hadi Ascension

Juma lililopita tulieleza kwa nini ndege hufuata mviringo wa dunia na si mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani. Leo tupige hesabu yenyewe kwa viwanja viwili vilivyotengwa na bahari ya Atlantiki: St. Helena na Ascension, visiwa vya Uingereza. St. Helena si ngeni kwetu. Ndiko Waingereza walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar uhamishoni, kabla ya kumruhusu kurudi pwani, alikofariki Mombasa mwaka 1927.

St. Helena iko karibu digrii 16 kusini mwa ikweta, Ascension digrii 8. Tofauti ya latitudo, basi, ni digrii 8. Tofauti ya longitudo ni digrii 8.75, ila nafasi kati ya mistari ya longitudo husinyaa kadiri unavyoiacha ikweta, hivyo hapa tuichukue kuwa 8.56. Sasa tumia kanuni ya Pythagoras: 8 mara 8 ni 64, 8.56 mara 8.56 ni 73. Jumla 137, na kipeuo chake cha pili ni 11.7. Kila digrii ni maili 60 za baharini. Tunapata maili 702, yaani kilomita 1,300.

Muda nao? Ndege ya Embraer 190 ikiwa juu huenda kama kilomita 830 kwa saa, basi ni saa moja na dakika 34. Ongeza nusu saa ya kutembea uwanjani, kupaa na kushuka: saa mbili. Saa za visiwa hivi ni zilezile, kwa hiyo ratiba haimchanganyi msafiri. Meli yenye mwendo wa maili 15 za baharini kwa saa ingetumia siku mbili.

Hesabu hiyo inamtosha abiria, lakini haimtoshi rubani. Uwanja wa St. Helena umejengwa ukingoni mwa jabali, mita 300 hivi juu ya bahari, na upepo hapo hugeuka ghafla ndege inapokaribia kutua. Ndiyo maana ufunguzi uliopangwa Mei 2016 uliahirishwa, na ndege za abiria za ratiba zikaanza Oktoba 2017. Rubani akishindwa kutua, hana uwanja wa jirani wa kukimbilia. Ascension yenyewe ndiyo hiyo, kilomita 1,300. Lazima afike akiwa na mafuta ya kumtosha kuzunguka na kungoja, au kwenda kwingine. Safari za mwanzo kutoka Johannesburg zilitua kwanza Windhoek kujaza mafuta, kisha zikaruka kilomita 2,500, nyingi zikiwa juu ya maji, huku abiria wakipunguzwa ili uzito usizidi. Kwa maoni yangu, umbali wa kweli wa kiwanja kama hiki ni ule wa kwenda pamoja na ule wa kuokoka, na ratiba huonyesha wa kwanza tu.

Msomaji, chukua ramani ujaribu mwenyewe kati ya Dar es Salaam na Moroni. Tofauti ya latitudo ni digrii 4.65, na ya longitudo, ikishapunguzwa, ni 4.02. Ukipata karibu kilomita 680, umepatia. Juma lijalo tutaingiza upepo katika hesabu.