Jiwe la Mutomo na Hesabu Iliyomo Ndani Yake

Kusini mwa Kaunti ya Kitui, pande za Mutomo na Ikutha, mawe ya chokaa yako tele. Yanapotajwa, mazungumzo huishia kwenye saruji. Mimi huyawazia darasa la kemia, kwa sababu yamebeba fomula ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa: CaCO₃. Kwa nini oksijeni ziwe tatu, zisiwe mbili wala nne?

Jibu lilitoka kwenye mizani. Chukua gramu 100 za jiwe safi, ulichome kwa moto mkali wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kama watu wa Pwani walivyochoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Likipoa, umbo ni lile lile ila limekuwa jepesi: gramu 56. Gramu 44 zimekwenda wapi? Mwaka 1756, Joseph Black wa Scotland alionyesha kwamba jiwe hutoa hewa liliyokuwa limeifunga ndani yake. Hewa hiyo ndiyo hewaukaa.

Tuhesabu. Katika gramu 56 za chokaa, 40 ni kalsiamu na 16 ni oksijeni. Katika gramu 44 za hewaukaa, 12 ni kaboni na 32 ni oksijeni. Ukijumlisha unapata kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 48. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa uzani hauhesabu atomu. Kilo ya mahindi na kilo ya wimbi hazina punje sawa. Basi gawa kila uzani kwa uzani wa atomu yake: 40 kwa 40, 12 kwa 12, 48 kwa 16. Jibu ni moja, moja, tatu.

Kugawa huko ndiko moyo wa kazi yote. John Dalton, baba wa nadharia ya atomu, alikosea papo hapo. Katika kitabu chake cha 1808 alichukulia kuwa maji ni hidrojeni moja na oksijeni moja. Alijua uwiano wa uzani, lakini hakuwa na njia ya kujua uzani halisi wa atomu ya oksijeni.

Shule isiyo na tanuri isikate tamaa. Weka chupa ya asidi ya haidrokloriki juu ya mizani, pamoja na gramu 10 za jiwe lililopondwa kando yake, usome uzani wote. Kisha mimina unga kidogo kidogo, maana povu hupanda kwa kasi. Likitulia, soma tena: zimepungua karibu gramu 4.4. Ni hewaukaa ile ile ya Black.

Walimu wa Kitui, mawe mnayo. Mpeni mwanafunzi jiwe alipime kwanza, fomula aiandike mwenyewe.